Linus Pauling na kipimo cha selimundu: homa inayorudi si kosa la mama

Mama au mlezi, pengine hali hii unaijua. Mtoto ana homa, anapata dawa, anapona, na baada ya wiki mbili tatu homa imerudi. Daftari la kliniki linajaa. Nyumbani maneno yanaanza: huyu anasema ni jicho la hasidi, yule anamtazama mama na kuuliza kwao kuna ugonjwa gani.

Huku kwetu Tanga na pwani yote tumezoea kuita kila homa malaria, na mara nyingi huwa ni malaria kweli. Lakini homa inayorudi pamoja na maumivu ya mifupa, kuvimba mikono na miguu, kupungukiwa damu au macho kuwa ya njano inaweza kuwa dalili ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Leo tunasimulia maisha ya mtu ambaye kazi yake ilituletea kipimo chake.

Mtoto wa mjane

Linus Pauling alizaliwa tarehe 28 Februari 1901 mjini Portland, Marekani. Baba yake alikuwa muuza dawa. Alifariki mwaka 1910, Linus akiwa na miaka 9. Mama yake, Belle, alibaki na watoto watatu, akawa anapangisha vyumba ili wapate kula. Belle mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa kupungukiwa damu. Alifariki mwaka 1926, mwaka uleule ambao madaktari wa Boston walitangaza kwamba kula ini kwa wingi kunawasaidia wagonjwa kama yeye.

Linus alisoma huku akifanya vibarua. Mwaka 1923 alimwoa Ava Helen Miller, na mwaka 1925 alipata shahada ya udaktari wa kemia huko California.

Kuitazama damu kwa jicho la kemia

Mwaka 1945 daktari mmoja, William Castle, alimweleza kuhusu selimundu: chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu zikikosa oksijeni, kisha huziba mishipa midogo. Pauling alihisi kwamba tatizo liko kwenye himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Kazi ya kuthibitisha alimpa Harvey Itano, daktari kijana mwenye asili ya Kijapani, ambaye wakati wa vita alikuwa amewekwa kambini kwa sababu tu ya asili yake.

Itano na wenzake walipitisha umeme kwenye himoglobini. Ya mgonjwa ilisogea tofauti na ya mtu mzima wa afya. Watu wengine walikuwa nazo zote mbili: hao walibeba selimundu bila kuugua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1949. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kuonekana waziwazi kuwa umetokana na kasoro katika molekuli moja ya mwili.

Majibu ya AA, AS na SS unayopewa leo yana mzizi wake hapo. AA ni himoglobini ya kawaida. AS ni mtu aliyebeba. Kwa kawaida haumwi. SS ni mgonjwa, na amerithi S mbili: moja kwa baba, moja kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto SS. Kwa hiyo anayemlaumu mama peke yake hajaelewa.

Kwa nini sisi wa pwani?

Mwaka huohuo wa 1949, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Aliona AS ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba AS humkinga mtu na malaria kali. Ndiyo maana penye mbu wengi, kama hapa kwetu, selimundu imebaki. Mtoto wa SS, kinyume chake, malaria inaweza kumuua haraka.

Alipokosea

Pauling alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1954, kisha ya Amani ya mwaka 1962 kwa kupinga majaribio ya mabomu ya nyuklia. Lakini mwaka 1968 alipendekeza vijana waliobeba selimundu wachanjwe alama kwenye paji la uso, ili wawili wenye alama wasioane. Alitaka kupunguza mateso ya watoto, ila njia hiyo ingewatia watu aibu ya maisha. Majibu ya damu ni siri yako. Yanakusaidia kupanga, si kukutenga wala kuvunja ndoa.

Uzeeni alisisitiza pia kwamba vitamini C nyingi hutibu mafua na hata saratani. Utafiti haukuthibitisha hayo. Hata mtaalamu mkubwa hukosea, kwa hiyo usiache dawa za mtoto kwa sababu ya kirutubisho unachouziwa.

Pauling alifariki tarehe 19 Agosti 1994, akiwa na miaka 93.

Ufanye nini?

• Homa ikirudi mara kwa mara, omba mtoto apimwe malaria na selimundu pia. Usikisie.
• Dalili huanza kuonekana mtoto akifikisha karibu miezi sita, ila kipimo cha himoglobini kinaweza kufanyika tangu kuzaliwa.
• Kile kipimo cha haraka cha kuangalia chembe zikijikunja hakitofautishi AS na SS. Uliza kuhusu kipimo cha aina ya himoglobini.
• Kama mtoto ameongezewa damu karibuni, sema, kwani majibu yanaweza kupotosha.
• Mtoto wa SS akifikisha nyuzi joto 38, mpeleke kituoni saa hiyohiyo, hata usiku. Bandama lake halimkingi vizuri na maambukizi.
• Ukijua mapema, mtoto huanzishiwa penisilini ya kila siku, kinga ya malaria, na hydroxyurea daktari akiona inafaa.

Zipo pia homa za kurithi zilizo adimu zaidi, ambazo hutambuliwa kwa kupima vinasaba vyenyewe. Daktari huzifikiria baada ya malaria, selimundu na maambukizi mengine kuondolewa.

Nenda kliniki na daftari lote la mtoto, na baba yake aje pia. Damu ni ya wote wawili.