Waliomwuguza Daktari Livingstone



Habari za Daktari David Livingstone wengi wetu tulizisoma tangu darasani: kuzaliwa kwake Blantyre, Uskoti, mwaka 1813, kufanya kazi katika kiwanda cha pamba akiwa mtoto wa miaka 10, kusomea uganga, na safari zake ndefu katika Afrika. Hayo sitayarudia. Nataka kueleza jambo ambalo vitabu vya shule vililipa mstari mmoja au miwili tu, nalo ni ugonjwa wake wa mwisho na watu waliomwuguza.

Yeye mwenyewe aliijua kazi ya kuuguza. Mwaka 1862 mkewe, Mary, aliugua homa huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, naye Daktari akakaa karibu na kitanda chake mpaka alipofariki tarehe 27 Aprili. Akazikwa chini ya mbuyu. Kutoka Shupanga hiyo hiyo ndiko alikotoka Susi, aliyeajiriwa mwaka uliofuata. Mwenzake, Chuma, alikuwa Myao. Akiwa mtoto alitolewa katika minyororo ya wauza watumwa mwaka 1861, na Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie, akalelewa na Misheni ya U.M.C.A. huko Magomero. Wawili hawa walikuwamo katika msafara ulioshuka Mikindani mwaka 1866 na kufuata mto Ruvuma kwenda bara.

Mwanzo wa mwaka 1867 wapagazi wawili walitoroka, na sanduku la dawa likaenda nao. Mganga akabaki porini bila dawa, na tangu siku hiyo afya yake ilizidi kushuka. Mwaka 1869 alipatwa na kichomi, akashindwa kabisa kutembea. Aliyemwokoa ni mfanyabiashara Mwislamu, Mohamed bin Gharib, aliyempa dawa na chakula, akaamuru abebwe kitandani mpaka Ziwa Tanganyika. Nalo hili lisifichwe: bwana huyo alikuwa katika biashara ile ile ya watumwa ambayo Livingstone aliichukia kuliko kitu chochote. Hata hivyo alimhurumia mgonjwa, wala Livingstone hakusahau kuandika wema wake. Mwaka uliofuata, huko Manyema, vidonda vya miguu vilimlaza kibandani kwa miezi. Wenzake wengi walikuwa wamemwacha. Waliobaki naye ni watatu: Susi, Chuma na Gardner.

Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, akamwachia dawa na bidhaa, kisha akampelekea kutoka Unguja watu zaidi ya 50. Kati yao alikuwamo Jacob Wainwright, aliyesoma Nasik huko Bara Hindi pamoja na vijana wengine waliokombolewa utumwani. Agosti 1872 wakaondoka Unyanyembe kuelekea Ziwa Bangweulu, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Halima, mkewe Amoda, alikuwa mpishi wa Daktari katika safari hiyo.

Mvua za mwaka 1873 ziliwakuta katika matope ya Bangweulu. Daktari alikuwa akitokwa damu tumboni, nguvu zikimwisha siku hata siku. Tarehe 21 Aprili alijaribu kupanda punda, akaanguka. Susi akamfungua mkanda wenye bastola. Chuma akatupa bunduki yake chini, akakimbia kuwasimamisha waliotangulia. Kisha Chuma akamchukua mabegani, mgonjwa akijishikilia kichwani pake, wakarudi naye kijijini. Wakatengeneza machela ya miti na majani, wakaifunika kwa blanketi. Walikwenda polepole, wakisimama mara kwa mara, kwa kuwa kila mtikiso ulimwumiza. Maneno ya mwisho aliyoyaandika katika kitabu chake ni ya tarehe 27 Aprili, siku ile ile aliyofariki mkewe, miaka 11 baadaye. Watu wake walitumwa kutafuta mbuzi wa maziwa, wasipate. Wakatwanga mtama na karanga, lakini alishindwa kula.

Tarehe 29 hakuweza kufika mlangoni. Basi walibomoa ukuta wa kibanda, wakaingiza machela mpaka kitandani pake. Walipofika mtoni, mgongo wake haukuweza kuvumilia hata mkono wa mtu chini yake. Alimwita Chuma ainame juu yake, naye akaifunga mikono yake nyuma ya kichwa cha Chuma, akainuliwa namna hiyo na kutiwa mtumbwini. Baada ya kuvuka, Susi alitangulia kijijini kwa Chitambo ili kujenga nyumba. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Mgonjwa akawekwa chini ya upenu mpaka nyumba iwe tayari, na wenyeji wakasimama kumtazama wakiegemea pinde zao, kimya.

Tazameni jinsi kazi ilivyogawanywa. Mmoja ametangulia kujenga, mwingine ameinama kuinua, wengine wanapokezana machela. Usiku kijana Majwara alilala ndani pamoja na mgonjwa, na wenzake wakaota moto mlangoni. Hakuna aliyesubiri kuombwa. Kwetu mgonjwa akiwa nyumbani, Jumapili baada ya Ibada chumba hujaa hata hewa hupungua, lakini Jumanne usiku mke hukesha peke yake, na maji ya asubuhi ayateke yeye. Sisemi wageni wa Jumapili wasije. Nasema Jumanne nayo ina usiku wake, na Wazee wa Kanisa wangeweza kuandika zamu katika karatasi kama wanavyoandika zamu za kufagia kanisa.

Chifu Chitambo alikuja kumwamkia tarehe 30, akaombwa arudi kesho. Usiku kulikuwa na kelele. Mgonjwa akamwuliza Susi ni watu wao au sivyo, akajibiwa kwamba ni wenyeji wanaofukuza nyati katika mtama. Baadaye Susi alimshikia mshumaa na kumletea sanduku la dawa, akachagua mwenyewe kwa shida. Kabla ya kupambazuka tarehe 1 Mei Majwara alikuja mbio kumwita Susi. Wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso juu ya mto, amekwisha kufariki.

Wangeweza kumzika hapo na kwenda zao. Walizika moyo wake chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma Sala za Maziko, kisha wakaukausha mwili kwa chumvi na jua ili waupeleke kwao. Mwanzoni mwa njia nusu ya msafara waliugua, Susi akiwa mmoja wao, hata hakuweza kuinua mkono wala mguu. Wanawake wawili walikufa. Msafara ulisimama karibu mwezi mzima kuwangoja wagonjwa wake, wala hawakuachwa nyuma. Huko Unyanyembe Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike mwili pale; wakakataa. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili ukazikwa London, katika Westminster Abbey. Kati ya waliosafiri nao tangu kwa Chitambo, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyekuwapo kaburini. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, maziko yamekwisha.

Wote wawili walirudi, wakaendelea kuongoza misafara, na Chuma alimwongoza Askofu Steere kwenda Masasi mwaka 1876. Alifariki Unguja mwaka 1882, bado hajazeeka. Susi aliishi miaka mingine tisa. Mwaka 1886 alibatizwa huko Unguja, akachukua jina la Daudi.