Odysseus

Odysseus (kwa Kigiriki: Ὀδυσσεύς, kwa Kilatini: Ulixes) ni shujaa wa mitholojia ya Kigiriki, mfalme wa kisiwa cha Ithaca na mhusika mkuu wa Odisei, utenzi wa vitabu 24 ambao kwa desturi huhesabiwa kuwa kazi ya Homer. Hakuna ushahidi wa kihistoria kwamba aliwahi kuishi.

Anasifiwa kwa werevu wake, lakini ni pia kiongozi aliyeondoka na merikebu 12 akarudi nyumbani peke yake.

Maisha

Alikuwa mwana wa Laertes na Anticleia. Alimwoa Penelope, wakamzaa Telemachus. Mtoto akiwa bado mchanga, baba yake alikwenda kwenye Vita vya Troia vilivyodumu miaka 10.

Safari ya kurudi

Baada ya kuuteka mji wa Wakikone, Odysseus alitaka waondoke upesi. Mabaharia walikataa, wakaendelea kula na kunywa. Wenyeji wakarudi na msaada, na kila merikebu ikapoteza watu 6.

Katika pango la jitu Polyphemus kosa lilikuwa la kiongozi. Wenzake walimsihi wachukue jibini na kuondoka, naye akabaki kwa tamaa ya kupewa zawadi. Jitu likala watu 6. Walipokwisha kutoroka, Odysseus alilitajia jina lake kwa majivuno, ingawa wenzake walimzuia. Ndipo jitu likamwomba baba yake, Poseidon, mungu wa bahari, amlaani.

Aeolus alimpa mfuko wenye pepo kali ndani yake. Odysseus hakuwaeleza mabaharia kilichokuwamo, akashika usukani mwenyewe siku 9. Siku ya 10, Ithaca ikionekana, alilala usingizi. Wenzake, wakidhani amewaficha dhahabu na fedha, waliufungua, na dhoruba ikawarudisha mbali. Baadaye Walaistrigoni waliangamiza merikebu 11. Yake ilipona kwa sababu aliifunga nje ya bandari.

Tangu hapo Eurylochus, jamaa yake kwa njia ya ndoa, alimpinga waziwazi, akimlaumu kwa vifo vya pangoni. Odysseus alikaribia kumwua, wenzake wakamtuliza. Kwa mchawi Circe walikaa mwaka mzima, hadi mabaharia walipomkumbusha kiongozi wao habari ya nyumbani. Kisha aliwaficha hatari ya zimwi Scylla, lililonyakua watu 6.

Kwenye kisiwa cha Helios, mungu wa jua, waliapa kutogusa ng'ombe wake. Upepo mbaya uliwazuia mwezi mzima, chakula kikaisha. Odysseus alipokwenda kusali na kupitiwa na usingizi, Eurylochus aliwashawishi wenzake wachinje. Zeus akaivunja merikebu kwa radi; wote walikufa isipokuwa Odysseus.

Alikaa miaka 7 kwa Calypso, akafika Ithaca baada ya miaka 20 ugenini. Huko aliwaua wachumba waliomsumbua Penelope. Eupeithes, baba wa mmoja wao, alimshtaki mbele ya watu kwa kupoteza merikebu na vijana wa kisiwa.

Tathmini

Utenzi unaanza kwa kusema mabaharia waliangamia kwa upumbavu wao wenyewe. Hata hivyo, sehemu kubwa ya habari zao (vitabu 9 hadi 12) inasimuliwa na Odysseus mwenyewe, na hakuna aliyesalia kutoa ushahidi mwingine. Dante Alighieri, katika Komedia ya Kimungu, alimweka motoni. Humo Odysseus anawashawishi wenzake kwenda safari nyingine, nao wote wanazama pamoja naye.