Parry-Thomas: Alinunua gari la mtumba, likampa rekodi ya dunia, likamuua

Kwenye soka tunawajua wachezaji walioachwa na klabu moja kwa bei ya kutupa, wakaenda kwingine na kuwa wafalme. Kwenye mbio za magari hadithi hiyo ipo pia, ila safari hii mchezaji mwenyewe ni gari. Lilinunuliwa kwa pauni 125, likawa gari lenye kasi kuliko yote duniani, likamuua mtu aliyelifikisha huko, kisha likafukiwa mchangani kwa miaka 42.

Mwenye gari aliitwa John Godfrey Parry-Thomas. Alizaliwa Wrexham, Wales, Aprili 6, 1884. Ndiyo, Wrexham ile ile ambayo mashabiki wa soka wanaijua kwa klabu yake.

Jamaa hakuanza kama dereva. Alikuwa mhandisi, tena wa kiwango cha juu, akafika hadi kuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Leyland. Wakongwe watalikumbuka jina hilo kwenye malori na mabasi yaliyokuwa yakinguruma katika barabara zetu. Kabla ya hapo, Leyland waliwahi kujaribu bahati kwenye magari ya kifahari, na kazi ya kulichora gari hilo akapewa Parry-Thomas. Akaunda Leyland Eight, gari la silinda nane zilizopangwa mstari mmoja, lililoonyeshwa London mwaka 1920. Lilisifiwa sana, lakini bei yake ilikuwa balaa na wanunuzi wakawa wa kuhesabu.

Biashara ikafa, yeye hakukata tamaa. Alichukua magari hayo hayo akaanza kuyakimbiza mwenyewe kwenye uwanja wa Brooklands, kusini mwa England. Alishinda mara nyingi mno. Mapenzi yakamzidi mpaka akahamia kuishi ndani ya eneo la uwanja. Ni sawa na mchezaji anayelala kwenye chumba cha kubadilishia nguo ili asikose mazoezi.

Sasa turudi kwenye lile gari. Mmiliki wa kwanza alikuwa Louis Zborowski, kijana tajiri wa kupindukia aliyekuwa na karakana yake nyumbani Higham, karibu na Canterbury. Huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: kuchukua injini za ndege na kuzifunga kwenye magari. Gari lake la mwisho la aina hiyo liliitwa Higham Special. Lilibeba injini ya Kimarekani iitwayo Liberty, silinda 12 na lita 27, iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege za Vita Kuu ya Kwanza. Lita 27! Gari dogo la kawaida mtaani kwako halifikishi hata lita mbili. Nguvu ya injini ilifika kwenye magurudumu ya nyuma kwa minyororo, kama baiskeli, mmoja kila upande.

Zborowski hakupata muda wa kulifaidi. Baba yake alikufa mbioni mwaka 1903 akiendesha Mercedes. Mwaka 1924 naye akafa mbioni Monza, Italia, akiendesha Mercedes. Higham Special likabaki halina mtu.

Hapo ndipo Parry-Thomas alipotoa pauni zake 125. Hakuwa na kampuni kubwa nyuma yake wala fungu la fedha la kuunda gari jipya. Alichokuwa nacho ni kichwa na mikono. Akalifumua, akaweka pistoni alizozichora mwenyewe, akabadilisha kabureta, akalivika bodi mpya, na akalipa jina la kike: Babs.

Aprili 1926 akalipeleka Pendine, ufukwe wa Wales ambao maji yakipwa huacha mchanga mgumu wa kilomita nyingi. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa takriban kilomita 245 kwa saa, ya Henry Segrave. Aprili 27 Babs akafika 272. Kesho yake akapiga 275. Gari la mtumba, lenye injini kuukuu ya ndege, likaongeza kilomita 30 kwa siku mbili. Hapo si mchezo.

Mpinzani wake, Malcolm Campbell, hakulala. Februari 4, 1927, kwenye ufukwe ule ule, akaja na gari lililoundwa maalumu kwa rekodi, Blue Bird, na kufikisha 281. Pengo lilikuwa kilomita sita tu. Kwa Parry-Thomas hilo lilikuwa deni la kulipwa nyumbani.

Machi 3, 1927, akarudi Pendine. Katika moja ya mizunguko, Babs akayumba, akapinduka na kuteleza mchangani huku akiwaka moto. Parry-Thomas alifia pale pale, akiwa na miaka 42. Akawa dereva wa kwanza kufa akiisaka rekodi ya kasi ya nchi kavu.

Kinachouma zaidi ni hesabu ya siku. Machi 29, yaani siku 26 baadaye, Segrave alikwenda Daytona, Marekani, akapita kilomita 320 kwa saa. Ile rekodi ya Campbell iliyomtoa roho Parry-Thomas ilifutwa kabla mwezi haujaisha.

Yeye alizikwa Byfleet, jirani na Brooklands. Babs akafukiwa kwenye mchanga wa Pendine. Kwa miaka mingi lawama zikawa juu ya mnyororo, kwamba ulikatika na kumpiga dereva kichwani.

Mwaka 1969 mhandisi wa Wales, Owen Wyn Owen, akalifukua. Si kila mtu alifurahi. Wapo walioona anachezea kaburi. Lakini jamaa alitumia miaka kama 15 kulirudisha chuma kwa chuma, mpaka ile injini ikanguruma tena. Na gari lilipotoka mchangani, hadithi ya mnyororo ikaanza kutiliwa shaka. Wapo waliosema gurudumu la nyuma la kulia ndilo lililoanza kuvunjika.

Kama Babs angebaki chini, kosa la siku ile lingebaki kwenye mnyororo bila mtu wa kuuliza. Na kazi ya mikono ya Parry-Thomas, pistoni na kabureta zilizolipandisha gari la pauni 125 mpaka kileleni mwa dunia, ingebaki maneno tu. Leo Babs huonyeshwa hapo hapo Pendine, hatua chache kutoka kwenye mchanga uliomfunika. Rekodi yake ilipitwa zamani. Jina la fundi wake bado linatajwa kila injini ile inapowashwa.