Louis Renault, bwana wa breki za dramu

Kila ninapoteremka kutoka Bugarama kwenda Bujumbura na gari langu kuukuu, namkumbuka Mfaransa Louis Renault. Alizaliwa Paris mwaka 1877, na akiwa na miaka 21 tu aliunda gari lake la kwanza. Mwaka 1902 akabuni breki za dramu. Mwaka uliofuata kaka yake, Marcel, alikufa katika mashindano ya magari ya Paris hadi Madrid. Louis hakushindana tena. Yeye alifariki Oktoba 1944 akiwa chini ya ulinzi, akituhumiwa kuwasaidia Wajerumani vitani. Mwaka 1945 kampuni yake ilitaifishwa.

Breki za dramu za zamani zina dosari moja: breki shuu zikilika, kanyagio hushuka, na lazima mtu azikaze kwa mkono. Mimi nilisahau, nusura nitumbukie bondeni na magunia ya maharage. Ndipo fundi akanifungia za nyuma zinazojikaza zenyewe. Hata hivyo zikishika kutu hazijikazi. Ndugu zangu mliorejea na magari ya zamani, fungueni dramu mkague kabla ya mteremko.