Pavlov na Mbwa Wake

Ivan Pavlov, mwana wa kasisi, alizaliwa mwaka 1849 katika mji wa Ryazan, nchi ya Urusi. Mwaka 1904 alipewa tuzo ya Nobel kwa kuchunguza jinsi chakula kiyeyukavyo tumboni. Aligundua pia kwamba mlio ukitangulia chakula mara nyingi, mwishowe mbwa hudondokwa na mate kwa kuusikia mlio peke yake; mambo hayo mawili yamefungamana ubongoni.

Mwaka 1924 mafuriko yaliingia mabandani, mbwa wakaponea chupuchupu. Baadhi yao wakasahau mafundisho yote. Pavlov akawafundisha tena kwa saburi. Kisha maji kidogo yakapenyezwa chini ya mlango, na mbwa mmoja akataharuki, akasahau tena. Wala si ajabu, kwani maji na hofu vilikwisha kufungamana. Pavlov alifanya kazi hata uzeeni, akafa mwaka 1936.