Lacaille, Aliyezihesabu Nyota za Kusini kwa Lenzi Ndogo

Anayetazama kusini kutoka Kampala, kuelekea Ziwa Viktoria, katika usiku wa Mei usio na mawingu, huuona Msalaba wa Kusini. Akiielekeza darubini ya macho mawili karibu na nyota yake ya upande wa mashariki, atakuta doa hafifu la mwanga: ni fungu la nyota. Aliyeliandika kwanza katika orodha ni Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille.

Lacaille alizaliwa mwaka 1713 huko Rumigny, kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake alifariki akimwacha bila mali, naye akasoma kwa msaada wa mfadhili. Aliandaliwa kuwa kasisi na akafikia daraja la ushemasi, lakini moyo wake ulikwisha kutekwa na hisabati na nyota.

Aprili 1751 aliwasili Cape Town, kwa kuwa anga ya kusini ilikuwa bado haijapimwa ipasavyo. Chombo alichotumia kilikuwa na lenzi ya upana wa milimita 13 hivi, na kilikuza mara 8 tu. Lenzi moja ya milimita 50 katika darubini ya macho mawili ya leo hukusanya mwanga takribani mara 15 zaidi. Lacaille alikifunga chombo kisisogee, kisha akangoja nyota zipite mbele yake kadiri dunia inavyozunguka, akiandika saa na nafasi ya kila moja. Katika muda usiozidi mwaka mmoja alipima nyota karibu 10,000.

Sambamba na nyota hizo aliorodhesha madoa 42 ya mwanga, na orodha ikachapishwa. Doa mojawapo, liitwalo 47 Tucanae, alilifananisha na kiini cha nyotamkia. Leo yajulikana kuwa ni fungu la mamia ya maelfu ya nyota, ambazo lenzi yake haikuweza kuzitenganisha.

Alirejea Paris mwaka 1754, akaendelea kukesha kazini hata afya yake ikadhoofika. Alifariki Machi 1762 akiwa na umri wa miaka 49. Kitabu chake cha nyota za kusini kilitoka mwaka uliofuata, yeye hakukiona.

Madoa yale yangali yanapita juu ya Kampala kila mwaka. Adhaniaye kuwa anga ni ya wenye mitambo mikubwa pekee, na aikumbuke lenzi ile ya milimita 13.