Marehemu D.O. Misiani, Mfalme wa Historia

Hapa Kisian, pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia, ni kawaida kusikia benga ikitoka ndani ya matatu. Wako wanaosema ati huo ni muziki wa walevi tu. Hebu na tumtazame Daniel Owino Misiani kwanza.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1940 huko Nyamagongo, karibu na Shirati, mkoani Mara, Tanzania. Ni Mjaluo kama wengi wetu, ila wa ng'ambo ya mpaka. Baba na mama yake wote walikuwa waimbaji, lakini walishika dini barabara na hawakutaka mtoto wao apige muziki wa dunia. Alipopata gitaa lake la kwanza, baba aliliharibu. Kijana hakukoma. Miaka ya sitini akavuka mpaka kuja Kenya, na mwaka 1965 akatoa santuri yake ya kwanza.

Bendi yake, Shirati Jazz, ikavuma kote kandokando ya ziwa. Wanaoijua nyatiti wataelewa upesi: gitaa la solo linamjibu mwimbaji kama nyuzi za nyatiti, besi nayo inakimbia haitulii, halafu sauti zinanyamaza na magitaa yanabaki uwanjani. Hapo ndipo wazee huinuka kucheza!

Lakini wazee walisikiliza maneno pia. Kumbe baba aliharibu gitaa tu. Hadithi za Biblia zilibaki kichwani mwa kijana. Misiani alizitumia, pamoja na ngano za wanyama, kusema juu ya wakubwa na wadogo, haki na dhuluma. Ndiyo maana wakamwita Mfalme wa Historia. Mtu asiyejua angedhani anasimulia habari za kale, kumbe anasema ya leo. Serikali nayo haikuwa imelala: alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake. Kwa maoni yangu, mtu wa kuchekesha walevi tu hawezi kusumbuliwa hivyo.

Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu ya Shirati Jazz iitwayo Piny Ose Mer. Waingereza walielezwa kwamba maana yake ni dunia imepinduka. Sisi tunaosema Dholuo tunajua ni zaidi ya hapo: dunia imelewa. Basi ona, yule anayeambiwa ni mwimbaji wa walevi ndiye aliyetoa albamu ya kuiambia dunia nzima kwamba imelewa!

Mzee Misiani alifariki tarehe 17 Mei 2006 katika ajali ya barabarani hapa Kisumu, akiwa na umri wa miaka 66. Santuri zake bado zinatafutwa Kenya, Tanzania na hata Ulaya.